Mama Karani, nimeitwa parke: niende ao nikimbilie Likasi?

*Jambo yako mama. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Katuba pamoja na mama na wadogo zangu wawili. Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, niliingia magazini moja kule mjini, nikaficha chaji ya simu na chupa ndogo ya manukato ndani ya koti. Nilipita mahali pa kulipa bila kulipa, walinzi wakanishika mlangoni. Walinipiga makofi, wakanifungia katika chumba cha makartoni tangu saa nane mpaka giza likaingia, wakanipiga picha nimeshika vile vitu. Picha imetembea kwenye WhatsApp mpaka kwa watu wa kanisa letu. Kisha wakanipeleka polisi, nikalala kasho siku mbili. Opeje, yule polisi wa upelelezi, aliandika PV, yaani karatasi ya maelezo yangu, nikatia saini bila kusoma, maana alisema nikianza kusoma nitachelewa kutoka. Mama alilipa franka 80,000, hakupewa karatasi yoyote. Mwenye magazini naye anadai bei ya vitu vyake mara kumi, hata kama alivirudishiwa vyote vizima. Nilidhani imekwisha. Juzi ikaja karatasi ya parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, naitwa Jumanne saa tatu. Baba mdogo anasema nisiende, nipande gari niende kwake Likasi mpaka watu wasahau. Ni mara yangu ya kwanza, mama. Je, watanipeleka gereza la Kasapa?*

*J., Katuba*

Mwanangu J., usiende Likasi.

Nimeanza na hilo kwa sababu barua yako imefika Ijumaa na Jumanne iko karibu, na najua baba mdogo anapiga simu kila jioni. Mwambie asante kwa kitanda. Lakini Likasi iko kilomita 120 tu kutoka hapa Lubumbashi, na parke haisahau kwa sababu mtu amehama. Inabadilisha karatasi tu. Hiyo uliyopokea, iangalie juu kabisa. Kama imeandikwa *mandat de comparution*, maana yake ni kwamba majistra anakuomba ufike kwa miguu yako mwenyewe. Usipofika, ana haki ya kuandika nyingine, *mandat d'amener*, na hiyo haikuombi kitu. Inatumwa kwa polisi, wanakuja kukuchukua saa kumi na moja ya asubuhi mbele ya wadogo zako, na siku hiyo utamfikia majistra ukiwa mtu aliyekimbia. Sheria yetu inasema wazi kwamba hofu ya mtu kutoroka ni moja ya sababu za kumfungia kabla ya hukumu. Leo hawana sababu hiyo. Usiwapelekee.

Wasomaji wa zamani wananijua, lakini wewe ni mgeni: mimi si avoka, yaani wakili. Nilikuwa karani wa mahakama ya amani, hiyo tunayoita tripe, miaka 21, nikikaa chini ya hakimu na kuandika kila neno lililosemwa. Vijana wa kosa kama lako nimewaandika wengi hata mkono ulipata ugonjwa. Waliopotea hawakupotezwa sana na kitu walichoiba. Walipotezwa na karatasi: waliotia saini bila kusoma, waliolipa bila risiti, walioitwa wakakosa kufika. Na wewe, mtoto wangu, katika hayo matatu umekwisha kufanya mawili. La tatu tulizuie.

Sasa sheria yenyewe. Kodi ya adhabu ya Kongo, yaani kitabu cha sheria za adhabu, ile ya tarehe 30 Januari 1940, inasema katika kifungu cha 79 kwamba mwizi ni mtu aliyechukua kwa hila kitu kisicho chake. Haisemi kitu kikubwa ao kidogo, haisemi magazini ao nyumba. Chaji ni kitu. Kwa hiyo usisimame mbele ya majistra ukasema "ni chaji tu", kwa sababu atakuuliza kama chaji hiyo ilikuwa yako. Kifungu cha 80 kinatoa adhabu ya wizi usio na nguvu wala vitisho: kifungo kisichozidi miaka 5 pamoja na faini, ao kimoja kati ya hivyo viwili. Naona macho yako yamesimama kwenye 5. Yatoe hapo. Huo ni mwisho wa juu wa ngazi, na hakimu anaruhusiwa kushuka mpaka chini kabisa akiona mambo ya kupunguza adhabu: umri mdogo, kosa la kwanza, kukiri, vitu kurudi kwa mwenyewe. Wewe unayo yote manne. Tena anaweza kukuhukumu na kusimamisha adhabu, ndiyo wanaita sursi: kifungo kimeandikwa lakini hukiendei, ila ukirudia kosa katika muda aliokupimia. Kama ungevunja mlango, ao ungeingia usiku katika nyumba ya watu, tungekuwa kwenye kifungu cha 81 na mazungumzo mengine.

Kwa sababu adhabu ya juu ni miaka 5, kesi kama hii inasikilizwa na tripe. Lakini bado hujafika huko, na hilo ndilo nataka ulielewe vizuri kabla ya Jumanne. Parke si mahakama. Majistra wa parke hahukumu. Anakuuliza, halafu anachagua njia. Anaweza kufunga faili bila kukupeleka mbele, wanasema *classement sans suite*. Anaweza kukutoza faini ya mapatano, *amende transactionnelle*, na ukiilipa kwa wakati mambo yanaishia hapo. Anaweza kukupeleka tripe ukiwa huru. Ao anaweza kukufungia kwanza.

Mbili za kwanza ndizo unazotafuta, na sababu yake haihusu Kasapa peke yake. Hukumu, hata yenye sursi, inabaki kuwa hukumu. Wewe una miaka 19, umetoka juzi kwenye Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, siku moja utapeleka faili kwenye kampuni ya migodi, na kitu cha kwanza watakachotaka baada ya diploma ni *extrait du casier judiciaire*, karatasi inayoonyesha kama umewahi kuhukumiwa. Faili iliyofungwa parke haiko katika hesabu ya watu waliohukumiwa. Mapatano yaliyolipwa vilevile. Kwa hiyo nguvu zako zote ziweke hapa, kabla ya tripe, si kungojea kulia mbele ya hakimu.

Hapo nafika kwenye franka 80,000 za mama yako, na hapa naomba unisamehe nikipandisha sauti.

Opeje ana haki ya kupokesha mapatano, kifungu cha 9 cha kodi ya utaratibu wa makosa, ile ya tarehe 6 Agosti 1959, kinamruhusu. Lakini kifungu hicho hicho kinasema pesa inaingia katika hazina ya Serikali. Haiingii katika droo ya meza. Mapatano ya kweli yana karatasi yenye jina lako, kosa lako na kiasi; unalipa, unabaki na uthibitisho. Mama yako alilipa kutoka kwenye kitambaa alichofunga kiunoni, akaambiwa "nenda na mtoto wako, mama". Ndiyo maana faili iliendelea kutembea mpaka parke kana kwamba hakuna kilicholipwa: kwenye faili, kweli hakuna kilicholipwa. Pesa hiyo haikununua kitu. Hata neno "asante" sidhani alipewa. Sitakwambia uifuate sasa. Una mto mmoja wa kuvuka, usijitafutie wa pili. Lakini Jumanne, majistra akikuuliza ulitokaje kasho, sema ukweli, kiasi na siku, bila matusi. Na kuanzia leo nyumba yenu isitoe hata franka 500 bila karatasi. Mtu akisema "karatasi itafuata", pesa nayo ifuate.

Kuhusu PV. Hukuisoma, basi hujui ndani kuna nini. Nimeona PV ambamo chupa moja ilizaa tatu njiani kati ya magazini na polisi, na kijana aliyekuwa peke yake akajikuta na "wenzake waliokimbia". Wenzake ni jambo baya, J., linageuza kosa lako sura. Kwa bahati, majistra anakuuliza upya yeye mwenyewe na kuandika PV yake. Muombe kwa heshima asome mbele yako ile ya polisi. Lisilo kweli, sema hapo hapo si kweli na uombe liandikwe hivyo. Kama Kifaransa cha karatasi kinakushinda, sema unataka kuelezwa kwa Kiswahili. Katiba, kifungu cha 18, inasema mtu anayeshikwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Kisha soma PV mpya mstari kwa mstari kabla ya saini, hata watu wakikohoa nyuma yako. Ukikataa kutia saini, wataandika kwamba umekataa, wala hilo si kosa jipya.

Na usidanganye. Mwaka mmoja alikuja kijana mwenye ndevu, kesi ya soksi na mafuta ya kujipaka, akasema ana miaka 16. Alikuwa amesikia, na ni kweli, kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inampeleka aliye chini ya miaka 18 katika mahakama ya watoto badala ya kwetu. Hakimu akamwomba kitambulisho. Kijana akatoa mfukoni, bila kufikiri, kadi ya kuchagua. Chumba kizima kilicheka, hata polisi wa mlangoni. Lakini hakimu hakucheka, na ile sursi ambayo avoka wake alikuwa amekwisha kuinusa tangu asubuhi ikaruka kama kuku.

Swali lako la Kasapa. Nisikudanganye mimi pia: inawezekana. Wizi unatosha kisheria kwa mtu kufungiwa kabla ya hukumu, na gereza lile lilijengwa kwa watu wapatao 800, limebeba zaidi ya mara mbili ya hao kwa miaka mingi. Wengi ndani hawajahukumiwa. Lakini Katiba kifungu cha 17 inasema uhuru ndio kanuni na kufungiwa ni ajabu, na kodi ya 1959 inarudia kwamba ni hatua isiyo ya kawaida. Majistra akitaka kukufungia ataandika *mandat d'arrêt provisoire*, na ndani ya siku 5 lazima akufikishe mbele ya hakimu. Hakimu akikubali, ni siku 15, halafu anaweza kuongeza mwezi. Kila mara kuna mtu wa kumwomba uhuru wa muda. Wanaweza kutaka dhamana ya pesa, *caution*. Hiyo inalipwa kwa risiti na inarudi kwako kama umefika kila ulipoitwa. Mama asiichanganye na zile 80,000. Nimeona akina mama waliosahau kurudi kuchukua caution yao, risiti imekaa kwenye Biblia miaka mitatu.

Kinachomfanya majistra asikufungie ni kuona kwamba una mahali unapopatikana. Kwa hiyo usiende peke yako na usiende mikono mitupu. Chukua kadi yako ya kuchagua, nakala ya cheti chako cha Exetat, karatasi ya mkubwa wa mtaa ao ya komini inayoonyesha unakaa wapi, na mama yako. Mama avae vizuri, asilie kabla hajaulizwa. Vaa shati. Lile koti liache nyumbani, tafadhali.

Tena chukua karatasi kutoka kwa mwenye magazini. Hii ndiyo kazi yako ya Jumatatu. Baba mdogo, kama kweli anataka kusaidia, ashuke kutoka Likasi aende naye, kwa sababu mtu mzima akiomba msamaha kwa jina la ukoo anasikilizwa zaidi. Bei mara kumi haiko katika sheria yoyote. Mahakama inalipisha hasara iliyoonekana, na vitu vyake alivirudishiwa vizima. Mwambieni hivyo kwa upole, mkubaliane kiasi cha akili, mfano usumbufu wa siku ile, aandike kwamba amelipwa na hana tena malalamiko, atie saini na muhuri wa duka. Uelewe lakini: yeye kuondoa mashtaka hakumfungi majistra, kwa maana kesi ya wizi ni ya Serikali. Ila nimeshuhudia faili nyingi zikifungwa kwa sababu ya barua ya mistari minne ya namna hiyo.

Akikaza shingo, mna neno moja la kumkumbusha, nalo mlitumie kama chumvi. Ni kweli mlinzi, ao mtu yeyote, anaruhusiwa kumshika mwizi anayeonekana akiiba, kosa likiwa la adhabu ya miaka 3 kwenda juu. Lakini sheria inasema ampeleke *mara moja* kwa opeje ao majistra aliye karibu zaidi. Kutoka saa nane mpaka giza katika makartoni si mara moja. Makofi hayaruhusiwi na kifungu chochote. Na kusambaza picha ya mtu ambaye hakuna hakimu aliyemhukumu, ukisema huyu ni mwizi, kunaweza kumfikisha msambazaji mwenyewe mbele ya tripe ninayoijua. Kama siku ile ulienda santé na daktari akaandika kitu, kitunze. Sisemi mshtakiane. Nasema ajue kwamba naye ana nyumba ya nyasi.

Avoka. Unayo haki ya kuwa naye tangu polisi, si tangu mahakamani, hukuambiwa, najua. Pesa hamna, nalo najua. Baro ya Haut-Katanga, yaani chama cha maavoka, ina ofisi ya mashauri ya bure, *Bureau de consultations gratuites*, kwa watu wasio na uwezo. Nendeni Jumatatu asubuhi mapema na ile karatasi ya parke. Wanaweza kuwaomba hati ya kuonyesha kwamba hamna uwezo, inatolewa komini. Kuna pia watetezi, *défenseurs judiciaires*, wanaosimama vizuri sana mbele ya tripe na bei yao ni nyepesi kuliko ya avoka. Mwombe akuonyeshe kadi yake. Nje ya kila mahakama kuna bwana mwenye kaki ya faili chini ya kwapa anayejiita maître, na hata mlango wa greffe, ofisi ya makarani, haujui.

Mambo yakifika tripe hata hivyo, utapokea karatasi nyingine yenye tarehe ya kikao. Fika. Ukihukumiwa na hukuridhika, una siku 10 za kukata rufaa, unaandikisha kwa karani, na huko utakuta mtu kama mimi, amechoka, anataka chai. Mwambie polepole, atakuandikia.

Nimeweka barua hii mbele ya nyingine kumi na moja. Niandikie Jumatano.

*Mama Karani, mume wangu amefungiwa kwa polisi tangu jana kwa sababu kijana wetu wa miaka 16 anasemwa alichukua simu katika duka la jirani, na kijana amekimbia. Wanasema baba atatoka siku mtoto ataonekana. Je, ni haki?*

*Mama wa watoto watano, Ruashi*

Hapana, dada yangu. Katiba, kifungu cha 17 tena: kosa ni la mtu mmoja mmoja, hakuna wa kushikwa ao kufungiwa kwa tendo la mwingine. Baba si rehani. Nenda leo na mtu mzima mwingine, uliza jina la kosa la mume wako. Hawatakuwa na jibu. Wakikataa, panda moja kwa moja parke, uombe majistra wa zamu, kwa kuwa kasho za polisi ziko chini ya ukaguzi wao. Wana masaa 48, hawana zaidi.

Kijana mtafute ninyi wenyewe kabla jirani hajampata, maana ukisikia watu wanapiga kelele "mwizi" barabarani unajua kinachofuata. Akipatikana, asipelekwe kasho na watu wazima: ana miaka 16, wake ni hakimu wa watoto, na mfanyakazi wa jamii awe karibu. Chukua cheti chake cha kuzaliwa. Na unapoenda polisi, beba bukari na maji. Mle ndani hakuna anayempikia mume wako.

Mama Karani